Punje Isiyolia

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Nimewapa Kidato cha Tatu kazi ya kuandika shajara kwa Kiingereza, mistari mitano kila siku mpaka Septemba. Upendo, yule wa dawati la mbele asiyeacha swali lipite, akauliza, "Na wewe madam, utaandika?" Nikasema nitaandika. Haya, naandika. Ila Kiingereza nakiacha shuleni, mchana wote kinanitosha.

Mimi ni Faudhia, nafundisha sekondari hapa Misima. Naishi kwa mama mkwe wangu, Bi Tatu, pamoja na binti yangu Shadya mwenye miaka minne. Mume wangu Sufiani anaziba pancha pale njia panda ya Segera. Anakuja Jumamosi, Jumapili anaondoka. Mimi nakula chakula cha mchana shuleni, Shadya anashinda na bibi yake. Mahindi yamekomaa. Mwaka huu yamezaa mpaka watu wanaogopa kuyasifu kwa sauti.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimefundisha maneno ya ukamilifu: "completely", "entirely", "fully", "thoroughly", "utterly". Darasa zima likaandika ubavuni mwa kila neno: kabisa. Kabisa mara tano, kama wamepewa adhabu! Nikapandisha mori. Nikawaambia hawa ni ndugu, si mapacha. "Fully" ni la kitu kinachojaa: gari limejaa, mtu amelijua jambo mpaka juu. "Entirely" halitaki kibaki kipande. "Thoroughly" ni la mikono: umefua, umepika, umekausha, umepita kila kona na hukuruka hata moja. "Completely" halina makuu, linaingia kila nyumba. Na "utterly", nikasema, hilo mara nyingi huongozana na mabaya. Mji umeharibika "utterly", mtu amebaki peke yake "utterly". Upendo alikuwa ameandika kwamba bibi yake ni "utterly happy". Nikamwambia si kosa la kufungwa, ila ukilisikia neno hilo linapiga hodi, chungulia kwanza limekuja na nani.

Akanyoosha mkono. "Madam, kwa nini sisi tunalo moja tu?" Nikamjibu haraka kwamba tunayo tele: giza jeusi tititi, damu nyekundu pyu, mtu kalala fofofo, debe limejaa pomoni, kila kitu na ukamilifu wake. Akasema, "Lakini nyumbani tunasema kabisa tu, madam." Kweli bwana. Mtu anakwambia yuko njiani kabisa, kumbe ndiyo kwanza anatafuta ndoo ya kuoga.

Jumamosi, 12 Julai

Tumevuna na kupukuchua. Turubai mbili zimejaa uani, njano tupu. Shadya amejilaza juu ya mahindi na kugoma kuondoka. Mama mkwe kacheka, mdomo kaufunika kwa kanga.

Jumapili, 13 Julai

Mvua.

Jumatatu, 14 Julai

Mvua. Tumefunika mahindi kwa nailoni, maji yanapita chini.

Jumatano, 16 Julai

Mchoo wa mwaka huu, hizi mvua za Julai, una hasira. Kwa kawaida ni manyunyu ya kulowesha kanga, lakini hii ni mvua ya kweli. Mama anakaa mlangoni anaitazama turubai.

Ijumaa, 18 Julai

Jua jana, jua leo. Siku mbili tu, tena jua lenyewe la kuombaomba.

Jumamosi, 19 Julai

Leo mama ameng'ata.

Niandike vizuri, maana jambo hili limenikaa kooni. Hapa mtaani kwetu mahindi hayaingii stoo mpaka mkubwa wa nyumba achukue punje katikati ya turubai, aing'ate mbele ya majirani, na punje ilie. Ikilia "ka!", kazi imekwisha. Ikinyong'onyea chini ya jino, yanaanikwa tena. Mama anafanya hivyo mwaka wa arobaini sasa, tena si kwake tu. Nyumba nyingine humwita aende akawang'atie, na humpokea kwa kiti na maji ya kunywa kama mgeni wa serikali.

Tatizo ni kwamba mwezi Machi aling'olewa magego yote kule Korogwe. Mimi ndiye niliyempeleka, mimi ndiye niliyeshika pamba. Yamebaki meno mawili ya mbele, na hayo nayo yanatikisika. Nyumbani halitajwi. Ugali wake tunaufanya laini na hakuna anayesema kwa nini.

Walikuja majirani sita, Mama Isihaka wa nyumba ya pili akiwa mbele. Mama akainama, akachagua punje, akaitia mdomoni upande wa kushoto, akafumba macho. Taya likasogea. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikusikia kitu. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmesikia?"

Wakatazamana. Kisha Mama Isihaka: "Tumesikia, bibi!" Na wengine wote wakadakia, tumesikia, tumesikia.

Mama akanigeukia. "Na wewe, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Basi yamekauka kabisa," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Ningesema nini mimi? Mbele za watu, nimwambie mama mkwe wangu huna meno? Hata Sufiani alikuwepo, mtoto wake wa kumzaa, na alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumapili, 20 Julai

Magunia kumi na moja yameingia stoo. Tumekula ugali wa mahindi mapya na mchicha. Shadya kaongezewa mara mbili.

Jumatano, 23 Julai

Hakuna jipya. Kusahihisha madaftari.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeingia stoo kuchota mahindi ya mashineni. Nikaegemea gunia la chini, nikaondoa mkono haraka. Lina joto. Nje kuna baridi ya Julai, sote tumevaa masweta, na gunia lina joto kama paji la mtoto mwenye homa. Nikagusa la pembeni yake, vilevile. Nikatoka, nikafunga mlango, nikajiambia stoo haina dirisha, ndiyo maana. Nilijiambia hivyo na sikujiamini hata dakika moja.

Jumatatu, 28 Julai

Bibi shamba wa kata, Lea, amekuja shuleni kuwaonyesha wanafunzi namna ya kupima mahindi. Chupa ya kioo iliyokauka, chumvi kavu vijiko viwili, mahindi mpaka nusu, unatikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikibaki chini, weka stoo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, usithubutu. "Jino linadanganya," akasema Lea akicheka, "chumvi haina aibu na mtu." Watoto wakacheka. Mimi nilijikuta natazama dirishani.

Jumanne, 29 Julai

Nimepima. Nilisubiri mama aende msibani mtaa wa juu, nikachukua chupa ya sharubati, nikaichemsha, nikaianika, nikatia chumvi na mahindi yetu. Chumvi imeganda kioo kizima, mpaka shingoni. Nikarudia kwa gunia jingine. Ikaganda.

Nikampigia Sufiani. Kelele za malori ya Segera zilikuwa nyingi, nikalazimika kupaza sauti uani kwangu mwenyewe: mahindi ni mabichi! Akasema, "Mama ameng'ata, Mama Shadya." Nikamwambia, ameng'ata na nini? Akasema tutaongea akija.

Jumamosi, 2 Agosti

Sufiani amekuja. Tumeongea nyuma ya choo kama wezi.

"Nikamwambie mama nini?" ananiuliza. "Kwamba kazi yake ya miaka arobaini imekwisha? Ndiyo heshima iliyobaki kwake ile. Baba alipokufa watu walikuwa wanakuja hapa kwa sababu ya ile tu."

"Na mtoto anakula nini?"

"Anakula tunachokula wote. Subiri. Wiki ijayo mama anakwenda harusini Mashewa, siku nne. Nitakuja Nane Nane, tutayaanika upya, tutayarudisha, hatajua."

Nikakubali. Lilikuwa wazo zuri, tena lenye adabu. Nimemnunulia Shadya mchele kilo mbili nikamwachia mama ampikie mchana. Jioni nimeukuta mchele umefungwa vilevile. Mama akasema, "Mtoto ale mchele na mahindi yetu yapo? Watu watatuonaje?"

Jumanne, 5 Agosti

Upendo kaandika kwenye shajara yake: "The well is almost completely dry." Sentensi safi. Nikamwekea vema, kisha kalamu ikasimama. Ukitia "almost" mbele ya "completely" unaona kazi yote imerudi mwanzo. Karibu kukauka kabisa, maana yake ni bichi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumefanya. Mama yuko Mashewa tangu Alhamisi. Jana na leo jua limewaka, alhamdulillahi, jua la kuchoma kisogo. Tumetoa magunia yote. Manane yalikuwa na harufu ya chini ya mtungi. Matatu ya chini, jamani, yalikuwa yameshikana, na ndani yake ukungu wa kijani, mwingine wa njano, vumbi likapanda nikakohoa. Yale mabonge tumewamwagia kuku. Mengine nimechambua kwa mkono kutwa mbili, punje kwa punje mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Tumeyaanika, tumeyageuza kila saa. Jioni ya leo nikapima kwa chupa. Chumvi imeteleza yote chini, kioo kinang'aa.

Nililia, na sioni aibu kuandika. Sufiani akanishika bega, akasema, "Sasa yamekauka kabisa." Nikamwambia hapana, sema "thoroughly", hii ni kazi ya mikono. Akacheka, hajui nasema nini. Usiku tumesonga ugali, tumekula kwa raha, na Shadya nikamlisha mwenyewe matonge kwa mkono wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amerudi na pilau ya harusi kwenye mfuko. Kaingia stoo, kaona mafundo ya magunia si yale aliyoyafunga. Akatoka, akanitazama kitambo. Kisha akatupakulia pilau.

Jumanne, 12 Agosti

Kuku wanne wamekufa. Mama anasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku.

Jumatano, 13 Agosti

Kuku wengine watatu. Kuku wa Mama Isihaka wazima, na banda lao limepakana na letu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimerudi shuleni nikamkuta Shadya kalala kwenye mkeka, hakuja mlangoni kunipokea begi. Mama anasema tangu juzi anatapika uji, hakuniambia kwa sababu alidhani ni minyoo. Nikamwinua, nikampeleka kwenye mwanga. Macho yake ni ya njano.

Nimeandika sentensi hiyo na sijui niandike nini baada yake. Tumbo limevimba. Alinitazama kwa yale macho akasema anasikia usingizi.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi kwa Justa, muuguzi wa zahanati. Hakupoteza muda hata wa salamu. Akamkandamiza tumbo, akavuta kope, akauliza, "Mmekula mahindi gani?"

Nikamweleza: mvua, joto la gunia, ukungu, tulivyochambua, tulivyoanika. Nikamwambia kwa fahari, Mungu anisamehe, kwamba sasa yamekauka, nimepima kwa chumvi.

Justa akaniambia taratibu, "Dada, ukungu ukishaota umeshaacha sumu yake. Inaitwa sumukuvu. Ukikausha inabaki. Ukichambua inabaki kwenye zile unazoziona nzima. Ukipika inabaki. Chumvi inakwambia maji tu."

"Kwa hiyo tangu Jumamosi..."

"Tangu Julai. Twende Korogwe sasa hivi, naomba gari la mtu."

Tuko Korogwe. Mama amekuja naye, kakaa kwenye benchi la nje ya wodi. Naandika nyuma ya daftari la wanafunzi.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamemwekea maji. Daktari ni kijana, mpole, haniangalii machoni. Anasema ini.

Jumapili, 17 Agosti

Kalala. Nikimwita haitiki, ila nikimshika mkono anafinya kidogo.

Mama tumbo linamsumbua na yeye. Amekataa kupimwa, anasema wamwangalie mtoto.

Jumapili, 24 Agosti

Shadya alifariki Jumatatu saa nne asubuhi. Tulimzika Misima siku ileile baada ya alasiri.

Nilikaa wiki nzima bila kugusa daftari hili. Leo naandika kwa sababu yapo mambo yaliyotokea Jumatano, na nataka yabaki yalivyokuwa kabla watu hawajayapamba.

Kwanza ya hospitali. Daktari alituita ukumbini mimi na Sufiani, aliyekuwa amefika kutoka Segera, akasema mahindi yote yafukiwe, asile mtu, asile mnyama. Alipoondoka, Sufiani akanishika mikono yote miwili. Alikuwa analia. Akasema, "Mama Shadya, nitayafukia mimi mwenyewe baada ya matanga. Lakini tusiseme. Tuseme ni homa ya manjano. Wakijua watasema mama kamuua mjukuu wake, na ataishi nalo hapa hapa kijijini. Tumeshampoteza mmoja." Nikasema sawa. Sikuwa na nguvu ya kukataa hata glasi ya maji. Na nikisema ukweli wote, nilikuwa namhifadhi mama na mimi mwenyewe pia, maana matonge ya tarehe tisa niliyatia mimi.

Siku ya kwanza ya matanga majirani walileta mchele. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, Jumatano, watu walikuwa wengi, wengine wametoka Mashewa. Mimi nilikuwa chumbani kwenye mkeka, wanawake wamenizunguka, wananipa pole. Mlangoni akapita mtoto wa Mama Isihaka, Isihaka mwenyewe, ana miaka mitano, walikuwa wakicheza na Shadya kila siku. Ameshika sahani. Ndani ya sahani kuna ugali.

Nikauliza, "Ule ugali unga wake umetoka wapi?" Wakaniambia nisijisumbue. Nikauliza tena. Mmoja akasema, "Wa hapahapa, mwenzangu. Jana mchana tumepeleka gunia mashineni. Mna mahindi mengi, kwa nini tuazime?"

Sijui nilisimamaje. Nilitoka kichwa wazi, nikafika jikoni uani. Sufuria mbili kubwa mekoni, Mama Isihaka anasonga jasho linamtiririka. Na pembeni kwenye jamvi watoto wamekaa duara, maana sisi watoto tunawapakulia kwanza. Walikuwa wameshakula. Wengine walikuwa wanalamba vidole.

"Mwageni!" nikasema.

"Shoga, kaa ndani..."

"Mwageni, nimesema! Nyang'anyeni hao watoto!"

Mama Isihaka akaacha mwiko, akaja kunikumbatia. Nikasikia mtu nyuma anasema majonzi yamempanda kichwani, mshikeni. Wakanishika. Kutoka upande wa wanaume Sufiani akaita, "Mama Shadya," akatikisa kichwa, akiniomba kwa macho.

Nikasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma. "Mahindi haya yana sumu. Yaliingia stoo mabichi yakaota ukungu. Ndiyo yaliyomuua mwanangu."

Kisha mama mmoja wa makamo, mmoja wa wale sita wa Julai, akasema kwa kukasirika, "Mabichi vipi? Bi Tatu aliyang'ata mwenyewe. Tulikuwepo. Tulisikia."

"Tulisikia," akasema mwingine.

"Hamkusikia," nikawaambia. "Na mimi nilisema nimesikia. Sikusikia kitu. Hakuna aliyesikia kitu."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hapo ndipo nilipomwona mama. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, kashika mwimo. Nilidhani atanilaani, na ningeipokea laana yake. Akatoa kanga mdomoni. Tangu Machi sikuwa nimemwona ameuacha mdomo wake wazi mbele za watu.

"Sina meno," akasema. "Niliing'ata kwa ufizi. Niliona kama laini, lakini ufizi si jino, nikasema labda ufizi wangu ndio haujui. Ndiyo maana niliwauliza." Akatutazama mmoja mmoja, kama siku ile. "Niliwauliza, mmesikia? Mkasema mmesikia. Nikamuuliza na huyu, maana huyu ndiye mkweli wa nyumba yangu."

Ee Mola wangu. Mwezi mzima huu nilidhani lile lilikuwa swali la kutulazimisha. Kumbe mama wa watu alikuwa anauliza. Alikuwa hajui, na alitaka mtu mmoja tu amwambie. Nilimwona jeuri kwa miaka sita, nikanyamaza kwa kumwogopa, nikaita kunyamaza kule heshima.

"Na nilipoona mmeyaanika upya," akaniambia, "nilishukuru moyoni. Sikuwa na uso wa kukwambia."

Kisha akashuka ngazi, akaenda mekoni, akashika sufuria kwa pindo la kanga, akaimwaga. Mama Isihaka akakaa chini palepale kwenye majivu, akamvuta mtoto wake, akaanza kumtia kidole kooni.

Justa aliitwa. Watoto waliokula ni kumi na tisa, nimeandika majina yao ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Akasema mlo mmoja pengine hautawadhuru. Pengine. Akasema tuwatazame macho wiki mbili, kila siku, kwenye mwanga wa jua, na ukiona rangi, njoo mbio.

Sufiani alifukia magunia Alhamisi, shimo la kimo chake. Hajaongea na mimi tangu hapo. Anaongea na mama.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeanza kuzunguka. Nyumba kumi na moja, watoto kumi na tisa. Wazima.

Nyumba mbili hawakunikaribisha ndani. Walimtoa mtoto mlangoni, nikamtazama, wakafunga.

Jumanne, 26 Agosti

Wazima. Nikiwa nyumba ya tatu nikasikia miguu nyuma yangu. Mama, na bakora yake. Sikumwita, na hakuomba ruhusa. Kila nyumba yeye ndiye anapiga hodi.

Alhamisi, 28 Agosti

Wazima.

Jumamosi, 30 Agosti

Wazima. Kuna nyumba wamemwambia mama maneno makali, siyaandiki. Akasema, "Mna haki. Mleteni mtoto kwenye mwanga."

Jumatatu, 1 Septemba

Nimerudi darasani. Kwenye ubao kulikuwa bado na yale maneno matano, mtu kayaandika kwa ajili ya marudio. Nikafika la mwisho, "utterly", nikashindwa kulisoma. Upendo akasimama, akachukua dasta, akalifuta bila kuambiwa, akarudi kukaa.

Jana sikuzunguka, nilikuwa na homa. Mama alikwenda peke yake. Amerudi akasema aliwaona wote lakini macho yake hayaoni vizuri rangi siku hizi, nirudie mwenyewe. Nimerudia. Wazima, ila mmoja, binti wa nyumba ya mwisho, anaharisha. Justa amemtazama, anasema ni maji machafu.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya kumi na nne. Justa alisema wiki mbili, nikaamka nimeihesabu.

Kumi na wanane nimewaona kabla ya saa nne. Weupe wa macho yao ni weupe pe, weupe wa maziwa, nimewatazama mmoja mmoja na sikuruka hata mmoja. Tukabakiza kwa Mama Isihaka. Alikuwa ameshamtoa mtoto nje, kamsimamisha uani anatusubiri. Anasema jana usiku Isihaka hakula.

Mama akatua bakora, akapiga magoti kwa shida, akamshika mtoto kidevu, akamgeuzia uso kwenye jua. Mimi nikamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Nikatazama jicho la kulia, nikatazama la kushoto, nikarudi la kulia. Pembeni, karibu na pua, palikuwa na kitu. Pengine ni vumbi. Pengine ni jua lenyewe. Mtoto akapepesa, akaniuliza kama Shadya atarudi lini.

Mama Isihaka alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa ananitazama mimi, na niliona wazi ni jibu gani analotaka.

"Unaonaje, mwanangu?" mama akaniuliza.

"Sijui, mama," nikasema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akashika bega langu, akajiinua, akamwambia Mama Isihaka amvike mtoto shati, tunakwenda Korogwe sote.